Buti ya Kushoto

Jumatatu, 4 Agosti. Arua.
Evelyn, yule anayeleta wasafiri wa pikipiki kutoka Kampala, anatafuta kiongozi wa kuwapitisha njia za udongo hadi Koboko. Mmoja tu! Sharti ni buti za kweli: zifunike kifundo, ziwe ngumu mbele ya ugoko, soli isipinde. Kazi hii ni yangu. Mwingine anayeitaka ni jirani yangu Yakubu, anayeendesha kama amebeba mayai.

Jumanne, 5 Agosti.
Mama Hasifa alifungua belo la mitumba sokoni. Tukarukia. Chini kabisa, jozi moja ya buti za pikipiki! Nilidaka ya kushoto, Yakubu akadaka ya kulia. Hakuna aliyeachia. Mama Hasifa alisubiri mpaka akachoka, akamuuzia kila mtu ya kwake. Alisema hajawahi kuona watu wazima wa namna hii.

Lakini nimepata iliyo bora. Nikisimama, mguu ninaoweka chini ni wa kushoto. Wa kulia unakaa kwenye breki tu. Utaumia kwa lipi?

Alhamisi, 7 Agosti.
Yakubu alikuja na buti yake kwenye mfuko. Alipendekeza tuunganishe, atakayechaguliwa avae zote mbili. Ujanja mtupu! Nikamfukuza. Mke wangu Rehemah aliuliza kama nitasafiri na mguu mmoja. Nilikata jerikeni la mafuta ya kupikia, nikapachika vipande ndani ya gambuti langu la kulia, lile la mpira la shambani, nikalipaka rangi ya viatu. Kwa mbali huwezi kujua. Kwa karibu, suruali itafunika.

Jumamosi, 9 Agosti. Asubuhi.
Yakubu alimwonyesha Evelyn buti yake moja na kukiri kwamba hana nyingine. Akarudishwa nyumbani. Mjinga! Mimi nilitanguliza mguu wa kushoto. Evelyn akaubonyeza kwa kidole gumba, akaridhika. Naandika haraka, wasafiri wanawasha pikipiki.

Jumatano, 13 Agosti. Wodini, Koboko.
Ajali ilitokea Lobule, karibu na Koboko, kwenye mteremko wenye tope. Pikipiki ilianguka upande wa kulia, ikanilalia. Ekzosi ya moto ikakaa juu ya gambuti. Mpira uliyeyuka, na jerikeni likayeyukia ndani, likagandamana na ngozi. Wakulima waliokuja kuniinua walilikata kwa kisu. Nililia mbele ya wateja wote. Evelyn aliokota kipande cha jerikeni, akakitazama, akanitazama. Afadhali angenitukana.

Mguu wa kushoto hauna hata mkwaruzo. Wa kulia unanuka. Naogopa.

Alhamisi, 14 Agosti.
Daktari amesema kesho anaukata. Rehemah alitoka nje kulia.

Yakubu amekuja kutoka Arua na buti yake. Alisema, "Swaib, ndugu yangu, chukua tu. Mimi iko na aibu. Kama siku ile nilikuachia, mguu yako iko mzima." Akaiweka kitandani, akatoka akifuta macho.

Nilimtuma Rehemah aniletee ya kushoto kutoka chini ya kitanda. Nimezipanga pamoja juu ya shuka. Jozi kamili! Yakubu hana hata moja. Nimemshinda.

Nimemuuliza daktari atakata wapi hasa. Amesema chini kidogo ya goti.

Basi buti ya kulia inafika hapo hapo! Rehemah ataijaza matambara.