Chumvi Kwenye Kapeti

Jumatatu, 13 Januari

Leo nimedharauliwa mbele ya ukoo mzima, kikombe cha chai kikiwa bado mkononi.

Kikao cha harusi ya Rose kilikuwa Bagara, nyumbani kwa dada yangu Monika. Rose ni binti yake, mpwa wangu, anaolewa Jumamosi hii. Tukafika kwenye suala la gari la bibi harusi. Nikajiweka sawa kwenye kiti, nikakohoa kidogo. Mwenye gari ni mimi na mjomba ni mimi, sasa kuna la kujadili? Dada Monika akatangaza: Sosthenes. Sosthenes! Jirani yake tu yule, hana hata undugu wa mbali.

Nikasimama. Nikasema Rose nilimbeba kwenye keria ya baiskeli miaka yote ya shule ya msingi, jua na mvua. Siku moja, akiwa huko nyuma, aliniambia akiolewa nitampeleka mimi kanisani. Nikamjibu kwamba siku hiyo nitakuwa na gari. Gari ninalo. Rose akanyoosha mkono, akasema ni kweli aliahidiwa, na yeye hajasahau.

Dada Monika alinyoosha kidole ukutani tu. Pale ipo picha ya Rose siku ya kipaimara: gauni jeupe, uso unang'aa, na pindo lote tope, utadhani alitoka kupanda mpunga. Alipelekwa na gari langu. Nikajitetea kwamba tope lile lilikuwa la barabarani. Akasema lilikuwa la kapeti, na kwamba kapeti za gari la Pantaleo, ndiye mimi, zina rutuba ya kuotesha mahindi. Watu wakacheka. Sosthenes alicheka mpaka wengine walipomaliza, akaendelea peke yake.

Hata hivyo damu ni nzito. Dada ameniachia mwanya: Ijumaa saa nne atakagua magari yote mawili kwa leso nyeupe. Leso ikitoka safi kwenye kapeti zangu, Rose nampeleka mimi.

Kapeti nne tu. Kazi ya mtoto.

Jumanne, 14 Januari

Mke wangu Conjesta kanishauri nikung'ute vumbi kwanza, nipige brashi kavu, halafu sabuni kidogo, nisuuze, nianike. Huo ni ushauri wa mtu ambaye hashindani na Sosthenes.

Mimi nilipiga hesabu. Shati moja hula kiganja cha sabuni ya unga. Kapeti zangu zina tope tangu enzi za kipaimara. Basi pakiti nzima. Nikaziloweka kwenye beseni, nikavua viatu, nikaingia, nikazikanyaga.

Povu likapanda. Likavuka beseni, likashuka uani, likaingia banda la kuku. Kuku wakatoka wamevaa soksi nyeupe. Nikasuuza, povu. Nikasuuza tena, povu jipya, jeupe kuliko la kwanza. Tope lile ambalo sikulikung'uta limegeuka uji ndani ya manyoya ya kapeti, na kila nikikamua linatoka kama ndiyo kwanza limefika. Maji ya tangi yakaisha. Conjesta alileta kigoda, akakaa kivulini na bakuli la karanga. Alisema hajafurahi hivi tangu Krismasi.

Jioni Sosthenes akapita huku kwetu Nakwa, polepole, kioo kimeshushwa. Hakuwa na shughuli yoyote huku. Kapeti zake bado zina nailoni ya dukani, mwaka wa tatu sasa. Anasema ataitoa gari likizeeka. Hata makochi ya nyumbani kwake yana nailoni. Ukikaa, yanakushtaki kwa nyumba nzima.

Jumatano, 15 Januari

Nimeamka, Kwaraa haionekani. Mlima ukijifunika mawingu hivyo, anika ukitaka, utaanua maji. Mvua imenyesha mpaka mchana.

Kapeti zimeloa na sasa zinanuka. Sitaandika zinanuka nini. Mbwa wetu alikuja kunusa, akaondoka kwa heshima.

Nikazitundika jikoni juu ya kuni. Zilianza kutoa mvuke, nikafurahi. Kisha zikaanza kunywa moshi. Conjesta akaonja maharage, akaweka kijiko chini, akasema maharage yana ladha ya gari. Tukatolewa jikoni wote, mimi na kapeti.

Lakini Mungu hamtupi mja wake. Kwenye simu nikaona mtu akinyunyiza chumvi kwenye zulia la sebuleni. Chumvi inavuta maji, inavuta na harufu. Yeye alitumia chumvi ya mezani, vijiko viwili. Nikamhurumia. Yule anaishi mahali pasipo na chumvi ya mifugo.

Nikaenda kwa jirani yangu Mzee Theophil, mfugaji aliyehamia hapa kutoka tambarare za Hanang. Shikamoo, marahaba. Nikamwomba debe la chumvi ya ng'ombe. Akauliza nimenunua ng'ombe lini. Nikasema sijanunua. Akauliza, basi mbuzi? Nikasema ni jambo la siri. Akanipimia debe, huku ananitazama miguu, nadhani alikuwa anatafuta kwato.

Nimezisugua chumvi kapeti zote, mbele na nyuma. Nalala kwa amani.

Alhamisi, 16 Januari

Asubuhi. Jua kali. Harufu imekwisha! Kapeti zinakauka huku naziona. Mimi ni mtu wa ajabu. Nimezitandaza kwenye ua wa miti unaopakana na njia, ili wapita njia wajifunze.

Mchana nikaenda Bagara kumtazama Sosthenes anavyoteseka. Hakuwa anateseka. Alikuwa anaifuta nailoni kwa kitambaa cha miwani. Nikamwambia, kwa upole, kwamba kesho asijisumbue kutoka mlangoni kwake. Nilikaa huko zaidi ya nilivyopanga, kwa sababu kujisifu hakutaki haraka.

Jioni.

Niliporudi, ng'ombe wa Mzee Theophil walikuwa wamesimama kwenye ua wangu kwa mstari mzuri, kama watu wa karamu. Walikuwa wanatoka malishoni. Kapeti mbili za mbele walikuwa wamezilamba mpaka zimeng'aa. Mbili za nyuma, pale bibi harusi anapoweka miguu, hazikuwepo. Ng'ombe mmoja mwekundu alikuwa bado anatafuna, na kwenye mdomo wake niliuona upande wenye lebo.

Nikamwita Mzee Theophil kwa sauti. Akaja, akatazama ua, akachukua punje moja ya chumvi akaionja. Akasema ng'ombe wake hawajaiba, wamekaribishwa. Akaongeza kwamba katika maisha yake hajawahi kuona mtu anayewatengea ng'ombe chakula juu ya ua, tena kimetiwa chumvi vizuri.

Nilikaa kwenye kigoda cha Conjesta. Safari hii hakucheka. Alinipa chai, akasema Rose amepiga simu kuuliza kapeti zinaendeleaje, na yeye amemwambia zinaendelea. Nilimwaza yule mtoto kwenye keria ya baiskeli, na chai ikapoa.

Ijumaa, 17 Januari

Alfajiri nikasikia hodi. Mzee Theophil, na mzigo wa majani mabichi mgongoni, yana umande. Akasema amelala na lile jambo, na Conjesta amemweleza habari ya Rose. Akasema kwao majani mabichi ni amani na baraka, hata waliogombana wakiyashika ugomvi unaisha, na bibi harusi akiyakanyaga hakuna ubaya. Akafungua mlango wa nyuma, akayatandika mwenyewe, taratibu, yakalala upande mmoja. Gari lote likanukia asubuhi ya shambani.

Wazo hili nusu yake ni langu, kwa sababu gari ni langu.

Saa nne, Bagara. Dada Monika katoka na leso yake. Akaanza kwa Sosthenes. Viatu vyake vilikuwa na maji ya mvua, akaweka mguu ndani, akakutana na nailoni. Mguu ukaenda wenyewe. Akaufuata. Akakaa kwenye kiti cha nyuma bila kupanga kukaa, mkoba upande huu na leso upande ule. Hakuumia. Leso ilitoka safi, lakini alisema hawezi kumruhusu binti yake afike altareni kwa kuteleza. Sosthenes akaombwa aitoe nailoni. Akakataa. Alisema gari bado jipya.

Akaja kwangu. Akafungua mlango, akainama. Akabonyeza leso kwenye majani. Ikatoka na umande tu. Akauliza haya majani ni wazo la nani. Nikasema langu. Akasema marehemu mama alikuwa anatandika majani namna hii akija mgeni wa maana, sisi tukiwa wadogo, je, nakumbuka? Nilikuwa nimesahau kabisa. Nikakumbuka pale pale. Dada akanigeuzia mgongo akakunja leso kwa muda mrefu. Huwa halii mbele yangu.

Rose nampeleka mimi.

Jumamosi, 18 Januari

Nimempeleka!

Alipoingia tu akavua viatu, akaweka miguu mitupu kwenye majani, akacheka kama zamani. Akaniambia niendeshe polepole, kama baiskeli. Nikaendesha polepole. Msafara mzima ukatufuata polepole mpaka kanisani, pikipiki zikipiga honi, na Sosthenes wa mwisho kabisa akibeba spika. Machozi yalinitoka kwenye mzunguko wa barabara. Nikasema ni vumbi. Rose akasema hakuna vumbi, mjomba, jana mvua ilinyesha.

Aliposhuka nikaona. Pindo la gauni lilikuwa la kijani pande zote. Majani yakikanyagwa yanatoa maji, na maji yale yana rangi. Hakuna aliyetuambia hilo kikaoni.

Nikataka kuingia chini ya gari. Rose akainua gauni, akalitazama, akacheka mpaka msimamizi wake akamshika. Akasema sasa picha mbili zitalingana: ya kipaimara pindo la udongo, ya harusi pindo la kijani, na kila atakayeziona atajua ni mjomba yupi aliyemleta. Akanibusu shavuni mbele ya watu wote. Baadaye kwenye sherehe kule Bonga nilicheza mpaka goti likagoma.

Jumapili, 19 Januari

Gauni limebaki kwenye gari langu. Ni la kukodi, la dukani kwa Bernadina, mke wa Sosthenes, na kesho linarudishwa. Rose aliniachia maagizo kabla yeye na mumewe hawajaondoka: nilipeleke kwa dobi. Akarudia mara mbili, dobi tu, mjomba. Conjesta naye, akienda kwenye jumuiya, kaniambia nisiliguse.

Nimefikiri sana. Dobi atasema, habari itamfikia Bernadina, na Sosthenes atacheka mpaka Pasaka. Halafu, dobi anajua nini? Chumvi ilivuta maji. Chumvi ilivuta harufu. Rangi ya majani itaishinda kwa lipi? Na nusu debe bado lipo.

Nimelisugua pindo lote, kwa ukarimu. Kijani kimeanza kufifia, au ni jua. Nimelianika.

Mzee Theophil alipita akielekea kuwafuata ng'ombe wake ziwani. Akalitazama gauni, akalitazama debe, akanitazama mimi. Akauliza kama leo pia nimewaandalia. Nikamweleza, kwa subira, kwamba leo ni tofauti kabisa: kapeti nilizitandaza kwenye ua, gauni nimelitundika kwenye kamba. Akasema sawa, jirani. Akaondoka, naona mabega yanatikisika. Uzee ule.

Saa kumi na nusu. Nasikia kengele za ng'ombe bondeni. Bado ziko mbali. Namalizia chai kwanza.