Kuku Watatu wa Biolojia

Jumatatu, 13 Juni 1960

Kisangani. Nimeandika Kisangani kwa makusudi. Monsieur Sébastien, mwalimu wetu wa biolojia, anataka tuandike Stanleyville juu ya kila karatasi. Siku kumi na saba tu zimebaki tupate uhuru, na daftari hili ni langu. Aje alikamate!

Mtihani wa biolojia ni Jumatatu ijayo. Huu ni mwaka wangu wa pili katika darasa la mwisho. Jana Papa alinikalisha mbele ya Tonton Amuri, mjomba wangu, aliyekuja kutoka Ubundu kununua vitambaa. Akasema safari hii nikianguka, shule basi. Nitapanda treni niende Ubundu kulinda magunia ya mchele kwenye ghala la Tonton mpaka nizeeke. Tonton alifurahi mno. Akaniuliza kama najua kufukuza panya.

Mimi! Mtu anayejua jina la Kilatini la panya! (Nilikuwa nalijua. Nitaliangalia tena.)

Siendi Ubundu. Nimeapa.

Jumanne, 14 Juni

Kundi letu la kusoma limekutana barazani kwa akina Hilaire. Tuko watatu. Hilaire ni wa kwanza darasani tangu dunia ianze, na huvaa tai hata kwa kusoma nyumbani. Claudine ndiye msichana pekee wa darasa letu. Ana ulimi unaokata. Wa tatu ni mimi, Zuberi.

Kitabu ni kimoja. Hilaire amekipasua vipande vitatu kwa wembe wa baba yake. Kila mtu atasoma kipande chake, kisha awafundishe wenzake. Utaratibu mzuri, ila yeye ndiye aliyegawa! Amejipa ndege, moyo na damu, yaani mambo yote yanayoulizwa. Claudine amepata samaki na vyura. Mimi nimepewa maua. Maua! Kurasa kumi na moja, na moja ni picha tupu.

Nililalamika. Hilaire akarekebisha tai, akasema: bon, kila mutu abebe mzigo wa nguvu yake.

Neno hili nimeliandika hapa ili nisije nikamsamehe kwa bahati mbaya.

Alhamisi, 16 Juni

Leo Mungu amenikumbuka.

Monsieur Sébastien ametangaza kwamba mtihani wa vitendo utakuwa juu ya ndege. Kila mwanafunzi aje na kuku wake, aliyekufa asubuhi ileile. Zamani shule ilikuwa na dawa ya kuwalaza wanyama, lakini chupa imekwisha, na wazungu walio katikati ya kufunga masanduku hawaagizi nyingine.

Sasa, nani ana kuku Kisangani wiki hii? Watu wote wanawaficha kwa ajili ya sherehe ya tarehe thelathini. Sokoni hakuna hata unyoya. Mama yake Claudine ameshauza wake. Kwa akina Hilaire wanafuga tai tu.

Lakini kwetu kuna banda. Papa ana kuku tisa!

Niliwaacha wahangaike mpaka saa sita. Kisha nikatoa masharti yangu. Nitaleta kuku watatu, mmoja kwa kila mtu. Hilaire atanifundisha ndege bure, Claudine ataniandikia muhtasari wa kitabu kizima kwenye karatasi moja, nami sitamfundisha mtu maua. Hilaire alitaka kukataa. Akatazama sokoni, akatazama mbinguni, akakubali. Uso wake! Ningekuwa na kamera ningeuning'iniza chumbani.

Ijumaa, 17 Juni

Nilimngoja Papa atoke msikitini, siku ambayo moyo wake huwa laini. Papa ni fundi wa kushona, mtu mpole, ila kuku wake ni kama wanawe, na wanawe hawawi kama kuku wake.

Alipiga kelele kwanza. Kuku watatu! Wakatwekatwe na watoto wa shule! Nikamwambia, basi, Papa, achague: kuku watatu au Ubundu. Akafikiri kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

Mwisho amekubali kwa masharti mawili. La kwanza, atawachinja mwenyewe, kwa Bismillahi, wakielekea kibla, maana ndani ya nyumba yake hakuna mnyama atakayekufa kifo cha panya. La pili, wakishatazamwa warudi jioni waingie chunguni.

Nimekubali palepale. Nimeona kuku wakifa nyumbani kwetu tangu nina meno mawili, na wote walichinjwa. Njia nyingine ipo?

Jumapili, 19 Juni

Kusoma kwa mwisho. Hilaire amefundisha njia ya hewa, kuanzia mdomoni, kushuka shingoni, mpaka kwenye mapafu. Halafu njia ya damu, kutoka moyoni kupanda shingoni mpaka kichwani. Shingo, shingo, shingo. Alisema maswali yote yatatoka hapo. Mimi nilikuwa naangalia tai yake ilivyokuwa inazama kwenye chai. Sikumwambia.

Aliniuliza moyo wa kuku una vyumba vingapi. Nikajibu, vya kumtosha. Claudine akasema Ubundu kuna hewa nzuri.

Karatasi yake ya muhtasari iko mfukoni mwangu, imekunjwa vizuri. Sijaisoma. Mtu mwenye kuku watatu hana haja ya kujichosha macho.

Jumatatu, 20 Juni

Hasira imenijaa mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Asubuhi, baada ya sala, Papa alichinja kuku wote watatu. Kazi safi! Shingo zilifunguka vizuri, damu ikamwagika yote mchangani. Nikamshukuru, nikaenda kuoga.

Kurudi, namkuta Mama jikoni. Ameona kuku watatu wamechinjwa, naye amefanya kile anachofanya mwanamke yeyote wa Kisangani anapoona kuku amechinjwa. Maji ya moto yako tayari. Wawili wamenyonyolewa, wamepasuliwa, na matumbo yako ndani ya bakuli. Alikuwa amemshika wa tatu miguuni!

Nilipiga yowe. Mama akasema: sasa mutoto, nani aliniambia? Kweli, hakuna aliyemwambia. Lakini hilo ni kosa la nani? Si langu.

Dakika ishirini zilikuwa zimebaki. Mimi ni mtoto wa fundi. Nilichukua sindano na uzi wa Papa, uzi mweusi wa suruali, nikarudisha vitu ndani na kushona. Bakuli lilikuwa moja na kuku wawili, kwa hiyo niligawa kwa kukadiria. Yule wa tatu, mwenye manyoya yake na tumbo lake, nikamtenga kwa ajili yangu. Ndiyo haki ya mwenye banda! Wa kushonwa mmoja nikampa Hilaire, mwingine Claudine. Claudine aliuliza kwa nini kuku wake amevaa suruali. Nikamwambia anyamaze, muda umekwisha.

Tuliketi benchi moja: Hilaire kushoto, mimi katikati, Claudine kulia. Monsieur Sébastien alipita, akasimama, akavua miwani. Akauliza kama hapa ni labo au jikoni. Nikasimama nikamjibu kwamba tumewanyonyoa kuokoa muda wa mtihani. Akavaa tena miwani. Kisha, ili watu wasidanganye, akaamuru kila mtu ampe jirani wa kulia kuku wake, na wa mwisho wa benchi ampe wa kwanza.

Wa kulia! Kuku wangu mzuri akaenda kwa Claudine. Wa Claudine akaenda kwa Hilaire. Mimi nikapokea suruali ya Hilaire.

Swali la kwanza: onyesha njia nzima ya hewa kutoka mdomoni mpaka kwenye mapafu. Shingo imekatwa! Swali la pili: fuata damu kutoka moyoni mpaka kichwani. Damu gani? Iko mchangani kwetu!

Claudine hakutoa jasho. Akamweleza mwalimu, mshipa kwa mshipa, kisu cha Papa kilipita wapi na kilikata nini. Mwalimu akawa anaandika. Hilaire akafungua wake, akatafuta, akakunja uso, akasema kwa sauti ya mazishi: Monsieur, kuku huyu hana moyo. Halafu akaeleza moyo ulipaswa kukaa wapi, na una vyumba vinne.

Nikakata uzi wangu. Ndani kulikuwa na mioyo miwili.

Mwalimu aliinama. Aliniuliza kwa upole kuku ana mioyo mingapi. Alors, mtu angeweza kueleza mambo ya Mama na bakuli. Mtu mwingine, mwoga. Mimi nilitazama na macho yangu, nikahesabu na kidole changu, nikajibu: miwili, Monsieur. Akasema kitabu kinasema mmoja. Nikamwambia kitabu kimeandikwa Ubelgiji, juu ya kuku wa Ubelgiji. Huyu ni kuku wa Kisangani, na baada ya siku kumi atakuwa huru.

Darasa zima lilipiga makofi! Hata Claudine alicheka. Mwalimu akaandika kitu kifupi sana.

Jioni Papa aliwaulizia kuku wake. Walikuwa wananuka dawa ya kusafishia meza za labo, paka mwenyewe aliwakataa. Papa akaenda bandani kuhesabu waliobaki. Ndilo jambo baya zaidi Papa anaweza kufanya.

Jumamosi, 25 Juni

Claudine kumi na nane kwa ishirini. Hilaire kumi na tano, naye analia kama amefiwa. Mimi mbili. Nilimwendea Monsieur Sébastien kumuuliza hizo mbili ni za nini. Akasema moja ni ya kuja, na moja ni ya mshono.

Kuna nafasi ya pili, mwezi wa Septemba. Mama amemlilia Papa, na Papa amelegeza kidogo: nitakwenda Ubundu Jumamosi ijayo, nitafanya kazi ghalani, nitasoma huko, nije kufanya mtihani. Nikianguka tena, sirudi.

Ameshaninunulia tiketi ya treni. Ya kwenda tu.

Nimeumia. Naliandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma. Nilijificha nyuma ya banda nikalia, na wale kuku sita waliobaki wakanitazama kwa dharau.

Alhamisi, 30 Juni

UHURU!

Mji mzima uko barabarani. Ngoma, bendera, watu wanakumbatia wasiowajua. Nimecheza mpaka kiatu kimepasuka. Na katikati ya kucheza, akili imenifunguka. Matokeo yangu yalitolewa tarehe ishirini na tano na serikali iliyokwisha leo. Donc yamekwisha nayo!

Nimeandika barua kwa serikali mpya. Kurasa nne. Nimedai mtihani wa mkoloni ufutwe, na swali la moyo wa kuku lichunguzwe upya na Wakongo wenyewe. Nilimpelekea Hilaire aweke sahihi. Akasema yeye amefaulu kwa mkoloni na hataki kuanguka kwa uhuru. Msaliti!

Nikaipeleka ofisini mwenyewe. Mlango umefungwa, mlinzi anacheza. Alisimama akaisoma yote, akitikisa kichwa kila mstari. Mwisho akanirudishia, akasema: mudogo, hii serikali mpya nayo inakula kuku.

Nimeipitisha chini ya mlango.

Jumamosi, 2 Julai

Nimevuka mto kwa mtumbwi mpaka Lubunga, kushika treni. Mama alilia. Papa alinipa mkono tu, lakini hakuuachia haraka. Claudine alikuja kunipa vipande vyote vitatu vya kitabu, amevishona pamoja. Akasema mtu asome mwenyewe mara moja maishani aone kama atakufa.

Sikulia. Vumbi la makaa ya treni lilikuwa kali.

Jumapili, 10 Julai

Ubundu. Panya ni wakubwa na hawana heshima.

Jana treni ilileta barua ya Claudine. Huko Kisangani kuna wasiwasi, askari wamegoma, na wazungu wamejaa uwanja wa Simi-Simi wakingoja ndege. Monsieur Sébastien ameondoka na masanduku mawili. Amenikimbia! Barua yangu kwa serikali imesomwa, hakuna maelezo mengine.

Hata hivyo mtihani wa Septemba upo palepale, na mwalimu mwingine. Mara hii ni samaki. Claudine ameandika kwa herufi kubwa, na mstari chini: samaki mbichi, mzima, asiguswe na mtu. Huyo naye! Anapenda kumweleza mtu mambo anayoyajua.

Nimepiga hesabu. Septemba kila mwanafunzi atakimbilia sokoni siku ileile, samaki watakwisha, Hilaire wa safari hiyo atalia. Mimi niko Ubundu, mji wa samaki, na nina miezi miwili mbele yao wote!

Leo asubuhi nimempata. Mkubwa, urefu wa mkono wangu. Mama Fatouma, jirani wa Tonton, amenisaidia bila kuombwa: amempasua, amemtoa uchafu wote wa tumboni, akampaka chumvi, na sasa yuko juu ya moshi tangu saa nne. Anasema akikauka vizuri hataoza hata Noeli ifike.

Kitabu sijakifungua. Sina haja nacho tena.