Tablo Namba Thelathini na Moja

Damien Ntirenganya hakupenda kuitwa mwizi. Mwizi, alisema, huingia kwa dirisha, na yeye maisha yake yote aliingia kwa mlango, tai shingoni, akakaribishwa chai. Katika Goma ile, iliyotoka vitani na isiyojua kama imetoka kweli, alikwisha kuuza kiwanja kimoja kwa wachungaji wawili wa makanisa mawili, na wote wawili walikuwa bado wanamwombea.

Siku hiyo mvua ilimkimbiza hadi kwenye baraza ya makumbusho ya sanaa ya mkoa, nyumba ya mawe meusi kando ya barabara ya Sake. Ndani hakukuwa na sanaa. Kulikuwa na kuta, misumari kwenye kuta, na mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akipangusa misumari hiyo mmoja mmoja.

"Mama, unafanya nini?"

"Kazi ya Serikali," mama alijibu bila kugeuka. "Tangu septante-quatre."

Jina lake lilikuwa Élisabeth Nyiramahirwe, mtunza daftari wa makumbusho tangu mwaka huo wa sabini na nne. Vita vilimtoa Goma vikampeleka kwao Masisi, kisha vikamtoa Masisi vikamweka katika kambi ya Mugunga. Kila Jumanne alitembea kutoka kambini kuja kupangusa misumari, maana hakuna aliyemwandikia barua ya kumwambia aache.

Alimfungulia Damien daftari. Kazi mia mbili na kumi na mbili, kila moja na namba, kipimo na muhuri. Sanamu za mbao ziligeuzwa kuni za maharagwe na wakimbizi wa mwaka wa tisini na nne, na mama hakuwalaumu, maana watoto walikuwa na njaa. Tablo, picha zote za kuchorwa, zilibebwa na askari miaka miwili baadaye. Volkano nayo ilifika hadi uani, ikachungulia, ikaona hakuna cha kuchukua.

"Na nyumba isipofunguliwa mbele ya Noeli," mama alisema, "wataipatia yule tajiri Papa Valentin aweke simenti yake ya duka."

Mtu mwingine angeona msiba. Damien aliona daftari la kweli, lenye mihuri ya kweli, la vitu visivyokuwapo na ambavyo hakuna aliyevipiga picha.

"Mama," akasema kwa sauti aliyoitunza kwa ajili ya wajane, "na kama tablo hizi zingeanza kurudi?"

Mama Élisabeth alivua miwani, akamtazama kuanzia tai hadi viatu.

"Kuko muzee mumoja kule Mugunga," akasema. "Anachoraka mabango ya maduka. Iko na mukono muzuri."

Muzee huyo aliitwa Zéphirin. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye kofia iliyoona mengi. Damien alimpelekea gunia la unga, rangi, na maelezo.

"Utachora kama huyu aliyeandikwa katika daftari la makumbusho, Korongo. Alikuwa bingwa. Bahati mbaya alikufa kwa vita."

"Masikini," alisema Zéphirin, akachukua brashi.

Baada ya wiki tatu kulikuwa na tablo tano, zimekaushwa kwa moshi wa jikoni hadi zikaonekana zimekula miaka arobaini. Damien alizifunga katika shuka akaenda kwa Papa Valentin Nshimiyimana, yule yule aliyeingojea nyumba.

"Papa, miye sikukuya kuuzisha," alianza. "Nilikuya kukuomba usinunue. Watu watakuletea hizi tablo. Ni za Korongo, ziliibiwa kwa makumbusho. Kule ng'ambo wazungu wanazililia."

Papa Valentin aliweka chini kikombe. "Namba zake ziko kwa daftari?"

"Ndiyo ubaya wake. Ziko."

"Na huyu Korongo, anaweza kuchora zingine?"

"Alikufa, Papa."

"Mungu amupumzishe," alisema Papa Valentin, uso ukiwaka kwa furaha, akainuka kufunga mlango kwa mkono wake mwenyewe. Damien alitoka na bahasha nene hata koti lilikataa kufunga.

Angekuwa na akili ya mtu wa kawaida, angepanda boti ya Bukavu jioni ile. Lakini aliporudi Mugunga kumwachia muzee gunia la pili, alimkuta Mama Élisabeth ameshika kichwa.

"Kuko jambo," alinong'ona. "Kuko mujane mumoja, Mukabalisa. Alikimbia vita na mutoto mbele na tablo mugongoni. Ya kweli. Namba trente et un."

Damien alisoma katika daftari: namba thelathini na moja, *Wanawake wa Vitshumbi Wakipasua Samaki*, kazi kubwa kuliko zote za Korongo. Alipelekwa kwenye hema la mjane. Tablo ilikuwa imeliwa na vumbi, na kwenye kona kulikuwa na tundu la risasi. Wanawake walioinama juu ya samaki walikuwa hai kiasi kwamba alirudi nyuma hatua moja, asiloweshe viatu.

Zéphirin alisimama nyuma yake akatikisa kichwa.

"Hii siwezi," alisema. "Hata unipatie magunia kumi. Huyu mutu alikuwa anajua."

Wivu ule wa fundi ndio uliommaliza Damien. Mjane hakutaka kuuza. Alilia, akataja marehemu mumewe. Damien alibembeleza saa nzima, na mwishowe akatoa bahasha yote, bila hata kuifungua. Aliondoka akimwonea mama wa watu huruma.

Wiki iliyofuata alivuka mpaka hadi Gisenyi kwa Mbelgiji mmoja mzee aliyekusanya sanaa. Mzee alinusa tablo, akakwaruza kidogo kwa ukucha, akacheka vizuri tu, bila chuki.

"Rafiki yangu, rangi hii haijamaliza hata wiki mbili."

Damien alirudi Goma mbio, tablo kwapani, matusi yamejaa mdomoni. Kambini hema lilikuwa tupu. Akaelekea makumbusho, akasukuma mlango kwa bega, na matusi yakamkwama.

Mabati yalikuwa mapya. Kwaya ilikuwa imepangwa ukutani, na mjane Mukabalisa, macho makavu, alikuwa anagawa Fanta. Mjumbe wa mkoa, aliyekuja kuifungua nyumba, alikuwa kiti cha mbele, na mtu wa redio kando yake.

"Huyu hapa!" Mama Élisabeth alipaza sauti kabla Damien hajafungua mdomo. "Mutu mwenye kurudisha namba trente et un!"

Makofi yalivuma. Damien alitazama askari mlangoni, akatazama mjumbe, akafikiria angeieleza vipi safari ya Gisenyi. Kisha akafanya jambo pekee alilolijua. Alitoa hotuba. Alisema juu ya urithi, juu ya taifa, juu ya wanawake wa Vitshumbi. Mjumbe alifuta machozi. Damien akaweka saini katika daftari kama mtoa zawadi, na tablo ikatundikwa.

Ndipo mjumbe alipoinuka, akamshika Zéphirin mikono miwili.

"Muzee Korongo! Tulizani ulikufa!"

Damien alikaa chini na Fanta yake, akayatazama mabati yaliyonunuliwa kwa bahasha yake. Tablo tano zile hazikuwa bandia. Alikuwa amemuuzia Papa Valentin kazi za kweli, kutoka mkono wa kweli. Biashara moja halali ya maisha yake, nayo hakuikusudia. Na hii ya sita, yenye thamani kuliko zote, ametoka kuitoa bure mbele ya redio.

"Muzee," alimwambia Zéphirin kwa sauti ndogo, "mbona hukusema?"

"Hukuniuliza, mutoto wangu. Ulinipatia tu unga." Zéphirin alimgusa bega. "Hotuba yako ilikuwa nzuri. Mama alisema utaweza."

Nje jua lilikuwa kali juu ya mawe meusi. Damien alisimamisha moto, pikipiki ya abiria, akapanda, akasema apelekwe mtaa wa Birere. Mwendeshaji aligeuka kuuliza kama ana franga. Hakuwa nayo hata moja. Alinyoosha tai, akamtazama kijana wa watu kwa upole.

"Ndugu yangu, umesikiliza redio leo? Miye ndiye nilitoa tablo kwa Serikali. Nakwambia wewe tu: wanatafuta mutu wa kubeba zingine, mwenye moto yake."

Walipofika Birere, mwendeshaji alikuwa amemnunulia chai na mandazi manne.