Mwanachama wa Kawaida wa Klabu Thelathini na Moja

Novak Grove, Iowa
Oktoba 28

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Udahili,
Chuo cha Harlan Creek.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU MISTARI KUMI YA FOMU YENU

Salamu kutoka Novak Grove. Mimi ni mwanafunzi wa darasa la kumi na mbili, nina afya njema, alama nzuri na kinyongo.

Fomu yenu ya maombi ina mistari kumi ya shughuli za nje ya darasa, na kila mstari una nafasi ya cheo. Mwalimu wetu wa ushauri, Bi Schroeder, aliisoma yangu, akaguna, akashika kalamu nyekundu na kukata jina la chuo chenu kwenye orodha yangu. "Lorna, mama, hapa hakuna cheo hata cha kusingizia. Tutafute chuo kitakachokuonea huruma." Kiko kimoja, nyuma ya mnada wa nguruwe. Humpokea kila mtu, hata aliyekosea kuandika jina lake.

Mimi nakitaka Harlan Creek. Nakitaka tangu nina miaka kumi na miwili, baba aliponileta kuona maabara yenu ya udongo, nikagoma kutoka mpaka mlinzi akazima taa. Nimeumia, Mheshimiwa, sifichi. Kwa hiyo nalalamika kama ifuatavyo:

1. Kwa kuwa mnapenda viongozi, kila mwenzangu ameanzisha klabu yake. Darasa la mwisho tuko thelathini na wawili. Wenyeviti ni thelathini na mmoja. Aliyebaki ndiye anayekuandikia.

2. Sheria ya shule yetu inasema klabu haitambuliwi mpaka iwe na angalau mwanachama mmoja asiye na cheo popote. Hebu fikiri mwenyewe huyo ni nani. Wameniandikisha kote. Jumatatu saa tisa alasiri niko Klabu ya Utulivu, natulia. Saa tisa u nusu natoka mbio kwenda kuokoa nyuki. Mwenyekiti wa nyuki, Brecken Haas, anawaogopa nyuki, kwa hiyo wao huniuma mimi, naye huandika ripoti.

3. Klabu ya Kupinga Uchovu hukutana saa kumi na moja alfajiri.

4. Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Hawakuwaona wetu. Mwaka jana tulikusanya chakula cha wasiojiweza: hotuba thelathini na moja, mbebaji wa makopo ya mahindi mmoja. Wakati wa kupiga picha niliambiwa, "Lorna, sogea kidogo, unawaziba viongozi." Mama yangu alipoiona picha ile gazetini, bila mimi, alikuja juu. "Wenzako vyeo vinawaota kama uyoga, wewe unaota sugu! Anzisha na wewe kitu, hata klabu ya kulala!" Nilikataa. Nina msimamo. Lazima awepo mtu wa kuhudhuria.

5. Sasa tuangalie mbele. Kila mwaka mnapokea wenyeviti watupu. Mkutano wakiuitisha, nani anakuja? Hotuba ikiisha, nani anapiga makofi? Kesho watakuwa madaktari, wote wakuu wa upasuaji, na mgonjwa yuko mezani hana wa kumshikia taa. Wataoana pia, maana hakuna mwingine wa kuoana naye: mume mwenyekiti, mke mwenyekiti, na takataka zimejaa mpaka mlangoni. Nchi itakufa kwa uongozi, Mheshimiwa, na mtakuwa mmeiua nyinyi, kwa fomu.

Kwa hayo naomba mniruhusu kuandika kwenye mstari wa kwanza: Mwanachama wa kawaida. Hufika. Hukaa mpaka mwisho. Mistari tisa iliyobaki naiacha wazi, mpumzishe macho. Nami naapa mbele yenu kwamba sitashika cheo chochote maishani mwangu, hata nikibembelezwa kwa machozi.

Nisalimie walimu wa udongo, yule mlinzi wa taa, na mtu yeyote hapo chuoni asiye na cheo, kama bado yupo.

Wako mtiifu, kwa mazoea,
Lorna Pokorny
Mwanachama

N.B. Kabla sijafunga bahasha nimekumbuka kwamba mwisho wa maombi ni Jumamosi, nikaingiwa na hofu. Basi leo asubuhi nimeanzisha Chama cha Wanachama wa Kawaida na kujichagua mwenyekiti, kura moja kwa sifuri. Kwa sheria ile ile, klabu thelathini na moja zilikuwa zimekufa kabla ya chakula cha mchana. Wenyeviti wote wamekuja nyumbani na kolache, yale maandazi ya jamu ya bibi zao, Brecken analia kuliko siku zote za nyuki, wanaomba kujiunga nami. Wana sharti moja tu: kila mmoja awe makamu. Nimewakubalia, kolache zilikuwa za moto. Bi Schroeder naye amelirudisha jina la chuo chenu kwenye orodha, juu kabisa, akanikumbatia. Tumebakiwa na tatizo dogo. Chama hakitambuliwi bila mwanachama mmoja asiye na cheo, na huku wamekwisha. Ikiwa hapo ofisini kwenu yupo, tafadhali mwambie ajiandikishe kabla ya Jumamosi. Aje na glavu, kuna nyuki.