Handaki Chini ya Meza Yangu

Jumatatu, 8 Septemba

Shemeji yangu amekusanya tena watu getini. Nimewahesabu kutoka dirishani kwangu: wanafunzi kumi na tisa, mwalimu mmoja wa hesabu na muuza magazeti. Wote midomo wazi. Anawasimulia habari za handaki lililo chini ya chuo, na bibi mchawi anayepita humo na ungo wake. Mchawi mwenye ungo anahitaji handaki la nini? Hakuna aliyeuliza.

Hapa hasomi mtu, basi niseme ukweli: naona wivu. Nashona na kujalidi vitabu vya maktaba hii mwaka wa ishirini na mbili. Yeye ni mlinzi wa geti, mwaka wa pili, na kazi nilimtafutia mimi kwa sababu ni kaka wa mke wangu. Leo mji mzima unamjua yeye. Mimi hata mkuu wa chuo huniita fundi viatu.

Jumamosi wanapokelewa wanafunzi wapya. Mkuu wa chuo anatafuta mtu mmoja wa kuwatembeza na kuwasimulia historia ya mahali. Nitakuwa mimi. Liwalo na liwe.

Jumanne, 9 Septemba

Wazo! Shemeji ana maneno matupu, mimi nitakuwa na ushahidi. Nimechana karatasi tupu ya mwisho kwenye kitabu kikuukuu cha kilimo cha bustani, nikachora ramani ya handaki, nikaipaka chai ili izeeke. Chai ya chupa yangu, ya nyumbani. Mke wangu hutia sukari bila huruma. Mistari ya handaki nimeirudia kwa chai hiyo hiyo mara tatu. Kwa saa mbili dirishani, karatasi imezeeka miaka mia.

Handaki lazima lianzie mahali. Nimeamua lianzie chini ya meza yangu, humu humu chumbani. Anayekalia mlango wa handaki ndiye wa kusimulia, si anayefungua geti.

Ramani nimeishonea ndani ya kitabu kile kile na kukirudisha rafuni. Hakijaazimwa tangu nizaliwe. Ijumaa nitakifungua mbele ya mkuu wa chuo na kushtuka. Nilikuwa nafanya mazoezi ya kushtuka mbele ya kioo cha korido, mkutubi akapita, akaniuliza kama nina kiungulia.

Jumatano, 10 Septemba

Kitabu hakipo! Mkutubi anasema kimeazimwa asubuhi na mlinzi wa geti, anataka kupanda nyanya nyuma ya kibanda chake. Mtu ambaye hajawahi kusoma hata kibao cha geti analolinda.

Nilikimbia kumwomba anirudishie, nikamwambia jalada linataka kushonwa upya. Akajibu kwamba jalada liko imara, aliyelishona alikuwa fundi kweli kweli. Kichwa kikanivimba, nikasahau kuendelea kuomba.

Alhamisi, 11 Septemba

Ameiona. Saa nne alikuwa ofisini kwa mkuu wa chuo, ramani mkononi, kofia kwapani. Nasikia sisimizi walikuwa wakitembea juu ya ramani, wanafuata mistari ya handaki tu, kwingine hawagusi. Shemeji akaeleza kwamba hao ni askari wa yule bibi. Mkuu wa chuo, mtu mwenye shahada tatu, akasogeza kiti nyuma.

Ni sukari! Nilitaka kupiga ukelele. Lakini nitaulizwa nimejuaje, na anayechana kitabu cha maktaba hufukuzwa siku hiyo hiyo.

Jioni alikula kwetu. Mke wangu alimpakulia kwanza yeye, kisha akamwomba arudie ile sehemu ya sisimizi. Miaka kumi na minne ya ndoa, mimi hajaniomba nirudie chochote. Iliniuma.

Ijumaa, 12 Septemba

Mafundi wamekuja na sururu. Ramani inasema chini ya meza yangu, basi meza imetolewa nje, na rafu, na gundi, na sindano zangu. Wamechimba hadi adhuhuri. Walichopata ni bomba la maji, na walilipata kwa kulipasua.

Nilifurahi kimoyomoyo: leo shemeji ataumbuka. Wapi! Alisimama ukingoni mwa shimo, maji yanabubujika, akasema kwa huzuni kwamba bibi amehama na ameiziba njia kwa maji. Watu wakapiga makofi. Mkuu wa chuo akamteua pale pale.

Chumba changu sasa ni cha kutazamwa na wageni. Mimi nimehamishiwa chini ya ngazi, nyuma ya mifagio. Hakuna dirisha.

Jumamosi, 13 Septemba

Amewatembeza. Kituo cha mwisho kilikuwa shimo lile, na mimi nilipewa kazi ya kushika kamba watu wasitumbukie. Binti mmoja akauliza huyu mzee ni nani. Shemeji akamjibu kwa upole kwamba mimi ni shemeji yake.

Jumapili, 14 Septemba

Nimekaa nimetafakari. Kosa langu lilikuwa moja tu: handaki lilianzia mahali pabaya. Nimechora jipya. Hili linaanzia chini ya kibanda cha geti, katikati kabisa, pale anapoweka kiti. Waje na sururu tuone atakalia wapi.

Mke wangu ameuliza mbona chai inaisha. Nikamwambia nina kiu. Kisha akaanza habari za kaka yake, eti nyanya ameziacha, sasa amenunua kuku na hajui kuwafuga. Sikumsikiliza sana, nilikuwa nakoroga. Sukari vijiko sita, maana wale sisimizi waliwakosha watu.

Kesho ramani naishonea ndani ya kitabu cha ufugaji wa kuku, kilichoko rafu ya chini. Hicho hakijaazimwa tangu nizaliwe.