Mama Mkwe Kwenye Gurudumu

Jumatano, 9 Julai

Habari kubwa. Lengai, kaka yake mke wangu, anaoa Septemba. Harusi inataka kamati. Kamati inataka mwenyekiti. Na mwenyekiti atateuliwa na mama mkwe mwenyewe, kwa kuwa baba mkwe alishatangulia.

Wagombea tuko wawili. Kuna mimi, Aminiel, mzaliwa wa Nkoaranga, mkazi wa Njiro, mtu wa ofisi na suti. Halafu kuna Nelson wa Ngaramtoni, mume wa Nancy, dada yake Simaloi wangu. Nelson hana suti. Ana kofia ya pama na mdomo.

Tatizo ni heshima. Kwa ukoo wa mke wangu, mkwe na mama mkwe hawaketi kiti kimoja, hawapandi gari moja, hawali wakitazamana. Mimi nimeogopa tangu siku ya mahari. Nikienda Ngaramtoni nasimama kule zizini, natoa shikamoo ya mbali, chai naletewa huko huko. Miaka minane! Ng'ombe wananijua kuliko mama mkwe. Nelson yeye anaegemea dirisha la jikoni, anapiga soga, anatafuna muwa, na anaitwa "mwanangu". Mimi naitwa "yule wa Njiro". Hata jina langu halitaji. Inauma, acha niseme ukweli.

Isitoshe, mwezi uliopita Nelson amemnunulia mama mkwe simtanki ya maji. Mtu anashindanaje na simtanki?

Alhamisi, 10 Julai

Nimepata jibu kwenye foleni ya kunyoa ndevu. Simtanki haichekeshi wajukuu. Mama mkwe anakuja kwetu kesho. Jumamosi nitampeleka na wanangu kwenye ile bustani ya michezo ya watoto upande wa Usa River. Kuna treni, kuna magari ya kugongana, kuna gurudumu kubwa lenye vibanda vya watu wawili wawili linalokupandisha hadi juu ya miti. Atawaona Sabina na Meitamei wakicheka, ataniona mimi kwa mbali nikiwa chanzo cha kicheko. Uenyekiti ni wangu.

Kikwazo kimoja. Bustani hairuhusu chakula cha nje, na mama mkwe hali chipsi. Anakula loshoro, mahindi na mtindi, basi. Nimeamua kuiingiza loshoro kwa siri. Nitaitia kwenye hotpoti, nitaivisha kofia ya mtoto, nitaifunga blanketi na kuibeba kifuani. Nani atamkagua mtoto mchanga?

Simaloi amesema yeye hayumo. Amesema pia kwamba nikimwaibisha mbele ya mama yake nisimtafute. Hana maono.

Ijumaa, 11 Julai

Mama mkwe amefika. Kaletwa na Nelson na Nancy, Nelson akifuata nyuma kwa bodaboda! Na Nelson na Nancy nao wamealikwa kesho, kaalika mama mkwe mwenyewe. Nimepokea habari hiyo nikiwa gereji, maana sebule yangu imeshaingiwa na mama mkwe na siwezi kukaa humo. Chakula cha jioni nimekula juu ya tairi la akiba. Kutoka ndani nilisikia sauti ya Nelson akisimulia jambo na watu wakicheka. Nadhani na mtoto wangu alikuwamo kwenye kicheko.

Kwenye lile tairi ndipo akili ilipofunguka. Vibanda vya gurudumu ni vya watu wawili. Nelson anajifanya mzoefu, sawa, lakini hata yeye hajawahi kukaa paja kwa paja na mama mkwe. Akikaa hivyo mbele ya ukoo, habari yake imekwisha. Nimeipigia simu bustani, nikapewa dada anayeendesha gurudumu. Nimempa jina langu na maelekezo kamili. Mwanaume mwenye kofia ya pama ya kahawia, na mama mwenye shuka ya zambarau. Kibanda kimoja, asiwatenganishe. Nimemwahidi soda.

Nelson haivui kofia ile hata kanisani hadi akumbushwe. Mpango hauna tundu.

Jumamosi, 12 Julai

Ningependa siku hii ifutwe kwenye kalenda. Lakini niandike.

Baridi ya Julai, manyunyu, mlima umejificha wote. Tulikwenda kwa magari mawili. Nancy aliendesha moja akiwa na mama mkwe, Simaloi na wajukuu. Nelson alipanda langu, akaimba njia nzima. Mimi niliendesha na mtoto wangu wa loshoro kifuani.

Getini kulikuwa na mlinzi, mama mmoja mnene, mcheshi. Alifurahi sana kuona mwanaume amebeba mtoto. Akasema wanaume wa aina hii wamebaki wachache, akaita wenzake waje wajifunze. Akaniuliza jina la mtoto. Sikuwa nimejiandaa. Nikasema anaitwa Nelson. Nelson mwenyewe alikuwa nyuma yangu, akashukuru.

Hapo mtindi ukaanza kuvuja. Ulinishuka kifuani hadi mkandani. Mlinzi akasema mtoto anacheua, mtoto mgonjwa, nimpe haraka. Nikasema ndivyo alivyo, amerithi kwa mama yake. Akafunua blanketi. Akakuta mfuniko.

Alicheka hadi akakaa chini. Loshoro ikabaki kwake. Tukiondoka nilisikia wakiulizana nani ana vijiko.

Nikasimama pembeni, nimelowa, natetemeka. Ndipo muujiza ukatokea. Mama mkwe aliniangalia kutoka mbali, akamnong'oneza Nelson. Nelson akaja, akavua kofia yake, akanivisha. Akasema ni agizo la mama: yule wa Njiro amelowa na kichwa hakina nywele, atapata kichomi.

Miaka minane, na leo amenihurumia! Nilivimba kwa furaha. Nikawa nawaza hotuba ya kuwakaribisha wageni. Mengine yote yalinitoka kichwani.

Watoto walifurahi, hilo lazima lisemwe. Sabina aliendesha gari la kugongana kinyumenyume na kumgonga kila mtu kwa makusudi. Meitamei aligoma kushuka kwenye treni, akasema yeye sasa anaishi humo. Mama mkwe alicheka hadi akafuta machozi na ncha ya shuka.

Kisha gurudumu. Nilikaa nyuma kidogo kwenye foleni ili nione vizuri anguko la Nelson. Mama mkwe akaketishwa kibandani. Dada wa gurudumu, filimbi shingoni, akatupa macho, akanijia, akanishika mkono. Nikadhani anadai soda yake. Akanivuta, akanikalisha, akafunga chuma mapajani mwetu, akapuliza filimbi. Nikagusa kichwa changu. Kofia.

Tukapaa. Paja kwa paja. Mama mkwe akajifunika uso mzima kwa shuka. Mimi nikaishusha kofia hadi kidevuni. Chini nilimsikia Simaloi akiniita kwa majina yangu yote matatu. Nikasema moyoni ni mzunguko mmoja tu, Mungu atasaidia.

Tulipofika juu kabisa, umeme ukakatika. Jenereta lilikuwepo. Mafuta yake hayakuwepo, mtu katumwa kuyafuata.

Halafu mama mkwe akaongea. Si na mimi. Aliongea na mlima, uliokuwa umejifunika mawingu kama yeye alivyojifunika shuka. Akasema, mlima, mwambie huyo mtu aache kutetemeka, kiti kinacheza. Nikauomba mlima umwambie mama kwamba ni baridi tu. Akauliza mlima, huyo mtu anautakia nini uenyekiti, maana hata zizini amesikika akiwahutubia ng'ombe.

Sijui nini kilinipata. Labda ni kule kutomwona. Nikauambia mlima kwamba nimechoka kuitwa yule wa Njiro. Kwamba nataka siku moja nisimame mbele ya ukoo ule na watu wajue kuwa na mimi ni mtoto wa nyumba ile. Nikavuta kamasi. Ni baridi.

Mama mkwe akaikaza shuka yake. Kisha akasema, mlima, mwambie huyo mtu kwamba mkwe anayeheshimiwa hatajwi jina ovyo. Kwamba Nelson anamwita mwanangu kwa sababu mtu anayekutafunia muwa dirishani huna la kumfanya zaidi ya kumlea. Lakini aliyesimama zizini miaka minane bila kunung'unika, huyo ana adabu, na harusi ya Lengai haiwezi kuongozwa na mtu asiye na adabu. Alishaamua tangu Pasaka. Alikuja Njiro kuutangaza uenyekiti huo jioni hii ya leo.

Nililia ndani ya kofia ya Nelson. Sioni aibu. Nilikuwa mwenyekiti, na nilikuwa mtu.

Ndipo dada wa filimbi akachukua kipaza sauti cha betri ili kututuliza. Akasema mwenye kofia na mama wa shuka ya zambarau wasiogope, wapo salama, na kwamba amewaweka pamoja kama kaka Aminiel alivyoagiza jana kwa simu. Akaongeza kwamba kaka Aminiel, popote alipo, akumbuke soda.

Bustani nzima ilisikia. Mlinzi wa getini alisikia, akiwa na kijiko.

Mama mkwe akauliza mlima, hii kofia ni ya nani. Mlima ulinyamaza. Hatukusemeshana tena hadi mafuta yalipokuja.

Jumapili, 13 Julai

Baada ya ibada kikao kimekaa sebuleni kwangu. Mimi nimekisikiliza kutoka barazani, nyuma ya mlango, kama inavyostahili.

Maamuzi. Kwanza, nipeleke kondoo Ngaramtoni, dume, asiye na doa, kusafisha kile kikao cha angani. Pili, mwenyekiti wa kamati ni Nelson. Amelia kwa furaha, mjinga yule, akasema anamshukuru sana ndugu yake kwa siku nzuri ya jana.

Tatu, maegesho ya magari. Mama mkwe akasema kazi hiyo apewe Aminiel.

Nilisikia Nancy akivuta pumzi. Miaka minane nimesubiri jina langu kinywani mwake, na leo limetoka, safi, mbele ya watu wote, kama la mtu yeyote tu wa njiani. Nimekaa juu ya ndoo hadi giza likaingia. Sabina akaja akaniuliza kama na kesho tutapanda gurudumu.

Jumanne, 15 Julai

Siku mbili sijala vizuri. Leo nimekula. Nimepata jibu.

Kosa langu lilikuwa umeme. Kitu chochote chenye umeme ni cha kuogopwa. Kikao cha kwanza cha kamati kimepangwa Jumamosi, na nimependekeza tukifanyie kando ya Ziwa Duluti, watoto wapate hewa. Nelson amelipokea wazo kwa mikono miwili. Pale kuna mitumbwi ya watu wawili. Mama mkwe akijikuta katikati ya maji goti kwa goti na mwenyekiti wake, atahitajika kondoo mwingine na mwenyekiti mwingine, na nani atakuwa amebaki? Mtu wa maegesho, nchi kavu, mwenye adabu zake.

Simaloi ameniuliza nacheka nini peke yangu. Nimemwambia nafikiria maegesho.

Mwenye mitumbwi nimeshampigia. Nimemweleza taratibu ili asije akakosea: mama mwenye shuka ya zambarau, na mwanaume mwenye kofia ya pama ya kahawia. Amerudia maneno yangu neno kwa neno. Mtu makini.

Jioni Nelson amepiga simu. Amesema ile kofia nisihangaike kuirudisha, yeye ameshanunua ya sufu, na mimi inanipendeza. Ni mtu mzuri Nelson, basi tu hana akili. Nimeipiga brashi, nimeitundika mlangoni ili nisiisahau. Wanasema Jumamosi kutakuwa na baridi kali.