Pua ya Serikali

"Hivi jirani, mtungi wa gesi ukivuja, mwenye kuamua ni pua yangu au ni serikali?"

Swali hilo kinyozi wa chumba cha pili alimuuliza Masharti kwa utani tu, wakisubiri maji bombani. Jirani yake huyo aliitwa Masharti kwa sababu hata akikuomba chumvi alikuwekea masharti. Kinyozi alilisahau swali kabla ndoo haijajaa. Masharti hakulisahau. Anayeishi kwa ulimi huokota maneno ya wenzake kama kuku aokotavyo punje, na hii ilikuwa punje nono.

Kesho yake alivaa kizibao cha kung'aa cha wajenzi wa barabara, akaazima mkokoteni, akaenda mtaa asikojulikana. Kila mlango alibisha hodi, akaunusa mtungi wa gesi, akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Unavuja. Tunauchukua kwa usalama wa umma. Utarudishiwa ukishapimwa."

Jioni mitungi ingepimwa kweli, na mnunuzi wa ng'ambo ya mji. Watu wanaogombania chenji ya kiberiti hawakubishana na kizibao. Dosari ilikuwa moja: Masharti alikuwa na mafua makali, hata angewekewa kitunguu kilichooza puani asingekijua. Hilo halikumsumbua. Kazi yake haikuhitaji pua.

Adhuhuri aliingia ua wenye wapangaji wengi, akapakia mitungi yao, kisha akaingia jikoni kwa mjane aliyewapikia mafundi wa karakana ya jirani. Mtungi wa mjane ulikuwa mmoja. Ulibeba sufuria ya maharage, na sufuria ilibeba ada za wanawe.

"Unavuja, mama."

"Naunusa kila siku, mwanangu. Leo ndiyo umeanza?"

"Pua ya raia si kipimo."

"Haya. Mkubwa habishiwi." Akazima jiko, akachukua sifongo lenye povu la sabuni, akapaka pale mpira unapoungana na mtungi, akakodoa macho. Povu likatulia kama mtoto aliyelala, hata kiputo kimoja hakikuinuka. Masharti akadhani anausafisha kwa heshima ya serikali. "Na ukivuja hivi, sheria inatakaje?"

Hapo mwanamume akachanua. Watu wa aina yake huweza kukataa chakula, si kuulizwa sheria.

"Kwanza, mitungi mingine isikae karibu. Mmoja ukilipuka, yote huitikia. Pili, raia wasimame mbali. Tatu, afisa ndiye wa mwisho kutoka."

Hilo la tatu alilipenda sana. Alikuwa amelitunga papo hapo.

Mjane akatoa kichwa mlangoni. "Jamani, mmemsikia afisa. Kila mtu aondoe mtungi wake hapo mkokotenini, aupeleke mbali na wangu."

Wakaja. Fundi cherehani alipokumbatia wake akasema, "Asante mkuu, kumbe mnatujali." Kuwazuia kungekuwa kusema mtungi wa mjane hauvuji. Masharti akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayesindikiza jeneza.

Mjane akachukua kiberiti dirishani.

"Tumebaki wawili, mwanangu. Pua yangu inasema ni mzima. Ya serikali inasema unavuja. Na mafundi wana njaa. Mimi nawasha."

"Mama, subiri."

"Nasubiri. Nusa tena."

Akanusa. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alinusa kwa dhati, mabega yakapanda. Hakikuingia kitu, si gesi, si maharage. Alijua alichosema ni uongo. Lakini uongo nao una siku yake ya kuangukia kwenye ukweli, na siku hiyo mwenyewe haambiwi.

"Unasikia harufu gani?"

Masharti akafuta kamasi. Uani wapangaji walisimama mbali, kama walivyoagizwa, wakimtazama afisa ambaye hutoka mwisho.

"Basi Mungu na atuamulie," mjane akasema, akatoa njiti.

Afisa akavua kizibao, akakikunja vizuri, akakiweka juu ya kigoda. Akaupita mkokoteni kama mali ya mtu mwingine, akatoka uani.